Mwongozo wa Usalama Kwenye Maegesho ya Hospitali kwa Wafanyakazi wa Zamu ya Usiku

Kila linapokuja kundi jipya la wauguzi, wakunga na madaktari walio katika mwaka wa mazoezi, maswali huwa ni yale yale. Niegeshe wapi? Nikitoka saa tatu usiku nimwombe mlinzi anisindikize, au ataniona mwoga? Nibebe kisu? Na yule wa boda anayengoja nje ya geti, nimwamini? Nimeyajibu maswali haya kwa miaka kadhaa nikiwa nimesimama koridoni na trei ya dawa mkononi, na nimeona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja.

Kabla ya mengine yote, elewa kwamba usalama wako wa kutoka hupangwa wakati wa kuingia. Mtu anayeanza kufikiria maegesho akiwa tayari mlangoni, amechoka, funguo ziko chini kabisa ya begi na simu imebaki na chaji kidogo, amechelewa kwa zamu nzima. Hapa Uganda hatuna hata ile nafuu ya msimu wenye jioni ndefu, kwa kuwa jua huzama karibu saa moja mwaka mzima. Anayetoka zamu ya jioni hutoka gizani kila siku, na anayeingia zamu ya usiku saa mbili huingia gizani. Isitoshe, hospitali kadhaa kubwa za Kampala, kama Mulago, Mengo, Nsambya, Lubaga na Kibuli, ziko juu ya vilima, na maegesho ya kilimani huwa na ngazi, kuta na mifereji ambayo mchana huioni kuwa kitu.

Vitu vya kuandaa kabla ya zamu

- Tochi ndogo inayojitegemea, yenye betri zake. Tochi ya simu haitoshi, na sababu nitaieleza katika hatua ya sita.
- Filimbi, iliyofungwa pamoja na funguo na si ndani ya begi.
- Namba za simu za chumba cha walinzi, za msimamizi wa usiku na za mwenzako mmoja wa zamu, pamoja na namba za dharura 999 na 112. Ziandike pia kwenye karatasi uiweke mfukoni, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuibiwa.
- Begi moja la mgongoni lenye zipu, ili mikono yote miwili ibaki huru.
- Viatu vilivyofunga mguu. Malapa ya wodini yabaki wodini.
- Koti la mvua badala ya mwavuli. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mwavuli hukuziba macho na kukushika mkono mmoja pale unapohitaji vyote viwili.
- Kitambulisho cha kazi.

Kisu kiache nyumbani. Wengi wetu hatujafunzwa kukitumia, na silaha usiyoweza kuitumia humfaa zaidi atakayekunyang'anya. Filimbi inaita watu, na watu ndio unaowahitaji.

Hatua za kufuata

1. Yakague maegesho mchana.

Siku ya mapumziko au mwisho wa zamu ya asubuhi, tembea kutoka mlango wa wodi yako hadi mwisho wa maegesho bila haraka. Angalia chumba cha walinzi kilipo, geti lipi hufungwa usiku, na mfereji upi hauna kifuniko. Tafuta pia sehemu ambazo mtu akisimama haonekani kutoka mahali popote: nyuma ya tangi la maji, pembeni ya nyumba ya jenereta, kando ya jalala, kwenye kona ya chumba cha maiti. Kisha chagua njia mbili, moja ya kawaida na nyingine ya akiba.

2. Jua ni taa zipi zinazodumu hadi alfajiri.

Hatua hii ndiyo wanaoanza kazi huipuuza kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Taa inayong'aa saa mbili usiku unapofika si lazima iwe inawaka saa kumi alfajiri. Taa za sola za bei nafuu, baada ya siku ya mawingu, hufifia katikati ya usiku na kuzimika kabisa kabla ya mapambazuko. Taa za umeme nazo hutegemea zimeunganishwa wapi: umeme unapokatika, jenereta ya hospitali hulisha kwanza chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, maabara na wodi, na mara nyingi nguzo za nje haziko kwenye orodha hiyo.

Basi fanya mambo mawili. Kwanza, muulize fundi umeme wa hospitali: "Umeme ukikatika, ni taa zipi za nje zinazoshikwa na jenereta?" Atakujibu mara moja, maana ndiye aliyezifunga, na pengine wewe ndiwe mtu wa kwanza kumuuliza. Pili, katika zamu yako ya kwanza au ya pili, chungulia dirishani saa tisa au saa kumi usiku na uandike ni nguzo zipi bado zina mwanga. Baada ya siku chache utakuwa na ramani yako ndogo ya maegesho, na hiyo ndiyo itakayokuambia pa kuegesha.

3. Fika mapema na uegeshe kinyumenyume.

Fika dakika 20 kabla ya makabidhiano. Wakati huo watu wa zamu ya jioni hawajatoka, kwa hiyo uani bado kuna watu, lakini wageni wa wagonjwa wameanza kuondoka na nafasi nzuri zinapatikana. Chagua nafasi iliyo chini ya taa inayodumu na inayoonekana kutoka chumba cha walinzi au dirisha la wodi. Usiegeshe baina ya gari kubwa na ukuta, kwa sababu gari hilo linakuficha wewe na linamficha pia mtu mwingine.

Ingiza gari kinyumenyume, pua ikitazama njia. Unapotoka umechoka utaendesha mbele moja kwa moja huku ukiona kilichoko, na taa zako zitamulika njia badala ya kumulika ukuta.

Wakati mwingine utakuta nafasi bora kabisa iko wazi na hakuna anayeitaka. Inua macho kabla ya kushangaa: juu yake kuna mti, na juu ya mti kuna kalooli, wale korongo wakubwa wa mjini. Watu wa Kampala wanaujua ubaya wa kinyesi cha ndege hao kwenye rangi ya gari. Mimi huegesha hapo hapo, maana kuosha paa ni rahisi kuliko kununua kioo cha pembeni.

4. Liache gari likiwa tupu, kisha uvute kitasa.

Usiache kitu chochote kinachoonekana kupitia kioo, hata mfuko mtupu wa plastiki, kwa sababu aliye nje hajui kwamba ni mtupu. Kitu unachotaka kukiweka kwenye buti kiweke kabla hujafika hospitalini. Ukifungua buti hapo kwenye maegesho na kupanga mizigo, umemwonyesha kila mtu hazina yako ilipo.

Ukishabonyeza rimoti, nenda ukavute kitasa cha mlango kwa mkono. Tahadhari: mlio wa alamu si uthibitisho, kwa kuwa katika giza na kelele ya jenereta unaweza kusikia mlio wa gari la jirani, na kuna wezi wanaotumia kifaa cha kuvuruga mawimbi ya rimoti ili gari lisifungike. Ikiwa vioo vyako vya pembeni bado havijachorwa namba ya gari, kavichoreshe. Kioo chenye namba hakiuziki kwa urahisi.

5. Jitambulishe kwa mlinzi.

Wengi humpita mlinzi kama nguzo ya geti, kisha usiku wa manane wanamtaka awafie. Simama dakika moja, msalimie, mwulize jina lake na umwambie lako. Mazungumzo yenyewe ni mafupi (musawo ni neno la Kiganda la kumwita daktari au muuguzi):

"Habari za jioni, Mzee."

"Nzuri, musawo. Leo unatoka saa ngapi?"

"Saa tatu. Gari langu ni lile jeupe, chini ya nguzo ya pili. Nikichelewa kupita hapa, nipigie simu."

Kuanzia hapo mlinzi anajua gari ni la nani na linapaswa kuondoka lini, kwa hiyo mtu mwingine akilisogelea kabla ya saa hiyo ana sababu ya kuuliza. Na kuhusu lile swali la kuonekana mwoga: kusindikizwa si fadhila unayoomba, ni sehemu ya kazi yake. Wanaume nao waombe. Daktari mwenye kompyuta begani ananyang'anywa kama mtu mwingine yeyote.

6. Usirudi kwenye gari katikati ya zamu.

Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye hospitali ambayo siko tena, nilishuka saa tisa usiku kuchukua chaja niliyoisahau garini. Nilikuwa nimefika katikati ya maegesho umeme ulipokatika. Jenereta iliwaka baada ya muda mfupi na wodi zikang'aa, lakini pale niliposimama giza lilibaki vile vile. Nikawasha tochi ya simu. Mwanga wake ulinionyesha vizuri sana mikono yangu na sare yangu nyeupe, na hatua tano mbele haukuonyesha kitu. Ndipo niliposikia plastiki ikivunjika, tak, kisha kimya. Mtu alikuwa amechuchumaa baina ya magari mawili, bisibisi mkononi, akibandua kioo cha pembeni. Sijui ni nani aliyemwogopa mwenzake zaidi. Yeye alikimbilia uani, mimi nikakimbilia wodini, na mguu wangu ukaingia kwenye mfereji. Nilimaliza zamu nikiwa na kifundo cha mguu kilichovimba kama embe, na chaja sikuipata.

Kwa hiyo chaja, chakula, dawa zako na sweta vyote viingie nawe wodini saa mbili. Ikibidi kabisa kushuka, mwambie mwenzako unakwenda wapi na utarudi baada ya dakika ngapi, chukua tochi ya kweli, na mpigie mlinzi kabla ya kufungua mlango.

7. Toka na wenzako.

Kubaliana na wenzako mapema kwamba hakuna anayetoka peke yake. Kwenye makabidhiano, mmoja akichelewa kwa sababu ya mgonjwa, wengine wangoje ndani, karibu na mlango, na si nje. Anayeegesha mbali zaidi asindikizwe kwanza, na gari la mwisho liondoke pamoja na la kabla yake. Mpango huu huvunjika wiki ya pili, watu wanapozoea. Ukiona umevunjika, uanzishe upya bila kugombana na mtu.

8. Tembea ukiwa tayari.

Funguo ziwe mkononi kabla hujafungua mlango wa jengo. Maliza simu na ujumbe ukiwa ndani. Toa vifaa vya masikioni, kwa sababu usiku masikio hutangulia macho. Pita katikati ya njia ya magari na si kati ya gari na gari, lakini kumbuka kwamba gari la wagonjwa linaweza kuingia kwa kasi. Hapo sare nyeupe inakusaidia, na ndiyo maana siwashauri watu waifunike kwa sweta jeusi, ingawa wapo wenzangu wanaoshauri hivyo.

9. Likague gari kabla ya kuingia, kisha ondoka.

Ukiwa hatua kama kumi kutoka kwenye gari, mulika chini yake na pande zake. Mulika kiti cha nyuma kabla ya kufungua. Katika magari mengi ufunguo wa kawaida, ukizungushwa mara moja, hufungua mlango wa dereva peke yake ilhali rimoti hufungua yote. Jaribu lako mchana ujue linavyofanya. Ingia, funga milango, washa, ondoka. Mkanda ufunge mara moja, lakini ujumbe, miziki na kuhesabu pesa vingoje.

Tahadhari kubwa hapa haihusu wezi. Kama hospitali yako ni kama zetu nyingi, ndugu wanaouguza wagonjwa hulala nje, na usiku wa baridi au mvua hutafuta kila kona iliyo kavu. Asubuhi moja nilikuta mkeka umetandikwa mbele kabisa ya matairi yangu, na juu yake mtoto mdogo amelala ndani ya kitenge huku bibi yake akichota maji bombani. Lizunguke gari lote, kila mara, hata kama umekesha na macho yanafunga. Na kama macho yanafunga kweli, rudi ndani ulale dakika 20 kabla ya kushika usukani.

10. Ikiwa unatumia boda boda.

Usitoke nje ya geti kwenda kutafuta. Tafuta waendeshaji wawili wa stejini unaowajua kwa jina, ambao mlinzi pia anawajua, na umpigie mmoja wao ukiwa bado ndani. Akufuate hadi mahali penye mwanga, ndani ya geti ikiwa hospitali inaruhusu. Ukitumia programu ya simu, linganisha namba ya pikipiki na sura ya dereva kabla ya kupanda, na mtumie mwenzako namba hiyo. Bei ikubaliwe kabla, malipo yawe tayari, ili usisimame gizani mbele ya nyumba yako ukitafuta chenji.

11. Ukiitwa usiku wa manane.

Mkunga au mtaalamu wa nusukaputi anayeitwa saa nane usiku hufika peke yake, kwa haraka, na akili iko kwa mgonjwa. Mpigie mlinzi ukiwa njiani, si ukiwa umefika. Omba uegeshe karibu na mlango wa dharura, hata kama mchana nafasi hiyo hairuhusiwi, mradi usizibe njia ya gari la wagonjwa. Ukiingia ndani, mpe msimamizi wa usiku taarifa kwamba umefika.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyatatua

Gari haliwaki. Usifungue boneti peke yako gizani. Jaribu mara mbili, kisha funga milango na urudi ndani kuomba mlinzi na mwenzako mmoja waje nawe. Waya za kuunganisha betri ziwe ndani ya gari daima, na usikubali msaada wa mtu usiyemjua aliyetokea ghafla akijua tayari tatizo ni nini.

Tairi halina upepo. Huenda ni msumari, huenda limetolewa upepo makusudi ili uiname. Jibu ni moja: rudi ndani. Tairi linaweza kungoja kupambazuke.

Mlango uko wazi au kioo kimevunjwa. Usiingie, usiguse. Ondoka kwa njia uliyokuja nayo, piga simu kwa walinzi, kisha polisi 999. Piga picha mwanga ukiwepo.

Mlinzi amelala au hayuko. Usimwamshe kwa kumgusa begani, hasa ikiwa ana bunduki; mwite kwa sauti ukiwa umesimama mbali kidogo. Ikiwa hayuko, ngoja ndani na umjulishe msimamizi wa usiku aandike saa. Mlinzi anayelala kila usiku mara nyingi ni mlinzi anayefanya kazi mchana na usiku, na jambo hilo linamhusu aliyempanga zaidi kuliko yeye.

Unahisi gari au pikipiki inakufuata. Usiende nyumbani. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha, au rudi kwenye geti la hospitali ukipiga honi.

Umeshikwa na mtu anataka funguo au simu. Mpe, na urudi nyuma. Usimtazame kwa kumkazia macho, lakini kumbuka nguo, sauti na upande aliokimbilia. Kisha ripoti usiku ule ule. Jeraha huandikwa kwenye Fomu ya Polisi namba 3, na shambulio la kingono kwenye namba 3A. Matibabu yaanze, karatasi zifuate. Kwa shambulio la kingono, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Unalijua hilo kwa ajili ya wagonjwa wako. Nasikitika kusema kwamba wahudumu wa afya ndio hodari wa kujitibu kimya kimya na kuendelea na zamu. Mwite mwenzako akuhudumie kama mgonjwa mwingine yeyote.

Umelalamika kuhusu taa na hakuna aliyesikia. Malalamiko ya mdomo hupotea zamu inapobadilika. Andika barua fupi ukitaja nguzo, tarehe na saa, kwa mfano kwamba nguzo ya tatu kutoka geti la nyuma haikuwaka usiku wa tarehe 4, 5 na 9, na watie saini wote wanaopita hapo. Taja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Peleka barua kwa msimamizi wa wauguzi na kwa utawala, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala hiyo iweke nyumbani, si kwenye kabati la wodi.